Kompyuta ya Kaka Haiwaki

Jumanne, 6 Februari

Mama amekubali! Sikutegemea. Alikuwa anakunja nguo, hakuniangalia, akasema washa basi, lakini usihamishe kitu.

Kompyuta ya Kaka ipo pale pale kwenye meza ya pembeni tangu aondoke kwenda kufanya kazi mbali. Haijawashwa hata mara moja. Kila Jumapili Mama huifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, anazunguka kila waya taratibu kama anamnawisha mtoto uso. Anataka Kaka akirudi akute kila kitu kama alivyokiacha.

Lakini Kaka harudi. Na sasa hata simu yake haipatikani, tangu nilipokuwa kwenye mitihani ya mwisho. Barua pepe za waliomwajiri zimo ndani ya kompyuta hii. Tukipata anwani yao tu, tutajua pa kuulizia.

Nimebonyeza. Feni ikavuma, moyo wangu nao. Kisha skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe wa Kiingereza. Basi. Nimezima, nimewasha. Vile vile.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Amerudi kwenye nguo zake.

Jumatano, 7 Februari

Nimewasha tena asubuhi. Nimebonyeza vitufe vyote ninavyovijua, na nisivyovijua. Nyeusi.

Shuleni tulifundishwa sehemu za kompyuta kwa mchoro ubaoni. Hakuna aliyetuambia ikigoma ufanyeje.

Nimekwenda hadi kwenye duka la fundi wa kompyuta, nikapita. Nikarudi, nikapita tena. Kulikuwa na watu.

Kiti cha Kaka kimelala upande mmoja, upande aliozoea kuegemea. Nimekaa hivyo hivyo, nimelala upande.

Ijumaa, 9 Februari

Nimeingia! Maneno niliyojipangia njiani yakapotea yote mlangoni. Fundi akaniuliza mashine inasema nini. Nikasema inasema mstari mmoja tu, halafu kimya.

"Basi mmefanana," akasema. Wateja wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini ni mtu mzuri. Nilimwonyesha ule mstari, nilikuwa nimeunakili kiganjani. Akauliza kama kuna kitu kimechomekwa nyuma, labda flashi. Nikasema ipo moja nyekundu, Kaka aliiacha. Akajipiga paji la uso. Akanieleza kwamba mashine hiyo ikiwaka inakwenda kwanza kwenye flashi kutafuta pa kuanzia, haikuti kitu, inaganda hapo hapo. Chomoa, washa.

Nimerudi mbio. Mama akakataa. Si kwa ukali. Alisema kaka yako aliiacha pale kwa sababu zake. Kumbe kila Jumapili amekuwa akikifuta vumbi kile kile kinachoizuia! Hilo sikumwambia. Nilimpa maneno ya fundi tu. Akasema ataona.

Jumamosi, 10 Februari

Mama ameichomoa mwenyewe. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia: "Mwanangu, njoo uwashe." Flashi ameifumbata mkononi.

Imewaka! Picha ya Kaka ikatokea, ile aliyovimbisha mashavu. Mama akaketi bila kuangalia kama kuna kiti — lilikuwepo kapu la nguo, tushukuru.

Inataka nywila. Nikaandika tarehe yake ya kuzaliwa. Siyo. Nikaandika timu yake. Siyo. Chini yakatokea maneno aliyoyaandika ya kukumbushia nywila: Muulize mdogo wangu.

Mdogo wake ni mimi. Na mimi sijui!

Nimejaribu kukumbuka kila alichoniambia siku ile anafungasha. Kwamba nisiache kusoma. Kwamba nimsaidie Mama. Hakuna kingine.

"Litakuwa jina," Mama akasema. "Huyo hakuwahi kukuita jina lako hata siku moja."

Akaanza kuyataja majina ya utani aliyonipa. Kifaranga. Bi Kimya. Mkia, kwa sababu nilimfuata kila mahali, hata bafuni nilimngoja mlangoni. Mama ambaye siku hizi akimtaja Kaka hutamka neno moja na kunyamaza, leo hanyamazi, na anaiga hadi sauti yake. Mengine nilikuwa nimeyasahau kabisa. Nimechukua kalamu niyaandike hapa yasipotee tena. Kibodi sijaigusa, sitaki kumkatiza. Mama anasema ngoja, liko jingine, la wakati ule huna meno ya mbele, alikuwa anakuita — anacheka, hawezi kulitamka.