Kile Kijivu Changu

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa hospitali ya macho.

Shangazi amerudishwa. Alishavaa gauni la upasuaji, nesi akamuuliza kama amekula. Akajibu bila wasiwasi, chai na mkate.

Amekula. Na agizo la kutokula kabla ya upasuaji lipo kwenye tovuti yao. Tovuti niliyoitengeneza mimi.

Lipo kwa maandishi ya kijivu. Kile kijivu hafifu juu ya nyeupe, ulichoniambia hakisomeki, nikakujibu wewe hujui urembo. Mimi nilikisoma vizuri tu, macho yangu ni mazima. Ila wanaoingia mle ni wagonjwa wa macho. Wagonjwa wa macho, jamani. Nilikuwa nawaza nini?

Nafasi nyingine ni mwezi ujao, na daktari anasema jicho lenyewe halina subira.

Nimemuuliza, "Shangazi, hukuyaona yale maandishi?"

Akanishika mkono. "Niliona peupe tu, mwanangu. Nikadhani hujamaliza kazi. Sikumwambia mtu, nisije nikakuharibia."