Profesa Amekufa, Kahawia Imekataa Kupotea

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwambia, mimi ni mtafiti kwenye maabara ya saratani na profesa aliyenilea kikazi tumemzika juzi juzi, akaacha utafiti haujachapishwa na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuumalizia. Tunatumia kingamwili inayotakiwa kunasa protini moja tu ya uvimbe, na inaponasa, kipande cha nyama ya uvimbe kilichokatwa kwa mgonjwa kinageuka kahawia, na marehemu hakutaka kusikia neno juu ya kahawia hiyo, alikuwa akisema, "Rangi inajisemea." Sasa jarida nililolipelekea utafiti huo likadai uthibitisho, nikachukua peptidi ya kuzuia, yaani kipande kidogo cha protini ile ile, nikaichanganya na kingamwili kwanza ili ishibe isiwe na nafasi ya kunasa kingine, ndipo nikaiweka kwenye nyama, na hapo kahawia ilipaswa kupotea, lakini ilibaki, nikarudia, ikabaki, maana yake tumekuwa tukinasa tusichokijua.

Kibaya zaidi, hospitali tunayoshirikiana nayo inatumia rangi hiyo kuchagua wagonjwa wa kuachishwa tiba ya kawaida wapewe dawa ya majaribio, na mmoja, mwalimu wa chekechea aliyekonda hadi nguo zinamvaa, alinisimamisha kwenye korido akaniambia, "Mimi nina bahati, kipimo chenu kimenichagua."

Nikaenda kwa mjane, ambaye namwita mama, nikamweleza. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, baba yako hakutuachia nyumba, alituachia kazi hiyo. Usinizikie mume mara ya pili." Nikanywea. Ninayo picha moja ya nyama iliyopauka kwa makosa ya kuiosha, nikiituma jarida litaamini rangi imepotea. Nifanyeje?

Yatima wa Maabara

Yatima, pole kwa msiba, na pole yangu inaishia hapo.

Ulikwenda kwa mjane kuomba ruhusa ambayo si yake kuitoa. Unaniuliza habari za jarida, mimi nakuuliza kwa nini hospitali hujaipigia simu. Marehemu hadhuriki tena. Yule mwalimu anadhurika kila akimeza kidonge huku uvimbe wake unakua, na wewe unajua, naye anakushukuru.

Leo, kabla hujala, mpigie daktari anayesimamia majaribio, kisha umwandikie yeye na kamati ya maadili: kipimo kimeshindwa, msichague mtu kwa rangi hii, na waliokwisha kuchaguliwa waitwe waambiwe. Picha iliyopauka ni uongo uliojitengeneza wenyewe. Ukiituma unakuwa wako. Halafu jaribu kingamwili nyingine, na nyama isiyo na protini hiyo kabisa, uone kama nayo itageuka kahawia. Hata kahawia ingepotea, ingekuonyesha tu kwamba kingamwili inaijua peptidi, isingekuhakikishia kwamba hainasi vingine. Profesa wako alilijua hilo. Alipenda matokeo yake kuliko kuyahoji, na wewe ulimpenda kuliko kumhoji.

Huenda kwa baadhi ya wagonjwa umechelewa. Sitakudanganya.

Kwa mama nenda mwisho, ukishamaliza yote, asipate cha kukuzuia. Nenda na mmoja wa wenzako waliobeba jeneza. Mwambie kwa maneno machache. Akilia, kaa naye alie, wala usimwombe akuelewe.