Turubai la Babu Yako Halikatwi

Mume wangu Rajabu,

Mikumi imekuwa Ulaya? Mtu akitoka huko asubuhi, mchana anakula ugali hapa Kilosa. Lakini wewe tangu tumzike babu yako hujakanyaga kwangu. Unanifanya mjane mara mbili? Mimi sikusoma, anaandika jirani Mwajuma, na nimemkataza kupunguza ukali.

Arobaini imepita. Wazee wamegawa vitu vya marehemu. Jembe limekwenda huku, baiskeli kule. Turubai wamesema ni la baba yako mdogo Hamisi na wewe, kwa nafasi ya baba yako. Basi Hamisi kaja na kisu, anataka alikate katikati, kila mtu abebe chake. Nikalikalia. Nikamwambia, “Anza kunikata mimi.” Kaondoka anacheka, ila atarudi.

Turubai lile halina mwenzake. Babu yako alitoka nalo kazini reli, zito, likilowa wanabeba wanaume wawili. Tumeanikia mpunga, tumefunikia mahindi. Harusi ya baba yako mvua ilitwanga mpaka pilau ikaisha, na bi harusi hakulowa hata ukosi. Mto ulipofurika tukakimbilia juu kwenye tuta la reli, familia nne tulijibana chini yake mpaka maji yakashuka.

Na kule Kilangali tulipokuwa tunalinda mpunga? Ulikuwa mwoga wewe, chura akilia na wewe unalia. Ukajiviringisha humo ukaniuliza, “Bibi, nguruwe anaweza kulitoboa?” Nikakujibu, “Jua lenyewe limeshindwa.” Ukakoroma hapo hapo.

Sasa unashona mahema ya watalii. Lile ulilonionyesha nalisifu, jepesi kama khanga, na zipu yake inateleza vizuri. Lakini hata wewe uliniambia yanakuja kwako yamechanika kila msimu. La babu yako ulishawahi kulitia sindano?

Hamisi si mtu mbaya. Mpunga wake unalowa shambani, watoto wanamtazama. Ila nusu turubai haifuniki mpunga wa mtu yeyote, na wewe huko huna hata debe la kuanika.

Kwa hiyo ukija, usianzie kwangu. Pita kwa Hamisi, mpe shikamoo yake iliyonyooka, umwambie turubai ni lake lote. Halafu ndiyo uje ule.

Bibi yako, mkeo asiyetoa talaka.