Mkono Nilioinua

Stockton, California
Agosti 16, 1988

Dada yangu Masae,

Pokea salamu zetu sote. Goti linaendeleaje tangu upasuliwe? Mama hajambo, ila anasema ukikaa Ohio mwaka mwingine ataisahau sura yako.

Uliuliza habari za ngoma. Jumamosi tulipiga kwenye sherehe za jiji. Yale mapipa ya mvinyo tuliyoyageuza ngoma yalitikisa madirisha ya benki. Baba, ambaye tangu yeye na Mama watolewe kwenye kambi walimofungiwa Wajapani wa Marekani wakati wa vita ametufundisha kunyamaza ili majirani wasituone, alisimama mbele kabisa.

Doreen hakuwepo. Unamkumbuka, yule nesi wa Kizungu aliyewamba ngozi zote hadi vidole vikachanika. Wenye sherehe walitaka nyuso za Kijapani tupu, na kiongozi wetu, Bwana Hirabe, akaamua tupige kura. Nilikueleza kwenye simu kwamba walimtoa kwa kura moja.

Tulipomaliza, mama mmoja wa kamati alinishika mkono: "Kiingereza chako kizuri! Umekuja lini huku?" Mimi, niliyezaliwa mitaa mitatu kutoka pale! Nikamjibu nimekuja asubuhi, kwa gari.

Tukiwa njiani kurudi, binti yangu Lianne, mwenye macho ya baba yake Mzungu, akauliza, "Mama, na mimi nikikua watanitoa? Au nitapiga nusu?"

Dada, kwenye simu nilisema "walimtoa". Kura ile moja ilikuwa yangu. Nilitaka, walau siku moja, tutazamwe sisi wenyewe, tena mbele ya Baba. Nilijua si haki, na mkono nikauinua.

Jana nilikwenda kwa Doreen kumwomba radhi. Hakunikaribisha ndani. Alisema, "Nilikuona, Teruko. Ulikuwa unatazama chini." Akaongeza kwamba harudi, na tusimbembeleze.

Nilipomweleza Baba, aliweka vijiti vyake vya kulia juu ya bakuli. Akasema, "Sisi walitutazama nyuso, wakatupakia kwenye treni. Wewe umejifunza kwao?" Tangu hapo hajasema nami.

Usimpigie simu kunitetea. Nimekuandikia ili ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwake.

Wasalimie shemeji na watoto. Goti ulitunze.

Mdogo wako,
Teruko