Binti Yangu Anabishana na Torati

Mama Anastasie, shikamoo. Sisi hapa Euless, huku ughaibuni, hatujambo, baba watoto Melkiori hajambo ingawa hajui naandika, Isack hajambo, Abigail alikohoa sasa anacheza, bibi yao anakusalimu sana, na binti yangu Jerioth hajambo kwa macho tu, ndiye ananifanya nikusumbue, moyo wangu haukai.

Huyu Jerioth yuko chuo, kila Jumanne analeta rafiki yake Shira, Myahudi, wanafungua kitabu cha sheria za kwao, mmoja anasoma mwingine anapinga, sauti juu mpaka nasimama mlangoni nikidhani wanagombana, kumbe ndiyo kusoma kwenyewe, na sisi kanisani Neno likisomwa ni amina, nani anabishana na Mungu? Halafu huyo Shira chakula changu hali, nilimpakulia wali kuku akachukua ndizi akaimenya mwenyewe, ananiona mchawi au?

Nikambana Jerioth, "Huyu anakubadilisha dini?" Akacheka, kisha akalia. "Mama, mimi napenda wanawake. Tangu mdogo nasikia aya ile ya Torati inayolaani mapenzi ya jinsia moja ikisomwa, najua ni mimi. Nataka kujua kina Shira waliijadilije, na watu kama mimi wanaisomaje."

"Mnatafuta pa kutorokea," nikasema.

"Ningetaka kutoroka si ningefunga kitabu?"

Baba yake nimemwambia habari ya Wayahudi tu, naye kamwita mchungaji nyumbani Jumapili ya mwisho wa mwezi amwombee mtoto mbele ya jumuiya, Jerioth anasema akifanyiwa hivyo anahama. Mimi nahisi Shira ndiye kamfundisha hayo mapenzi. Nimwambie mchungaji yote? Nijibu upesi mama, Jumapili inakuja.

Mama Jerioth

Jibu

Marahaba, mama yangu, na pole. Lakini nawe umezidi kushuku! Shira hali kwako kwa sababu dini yao inakataza kuku asiyechinjwa kwa sheria yao, na hata sufuria iliyowahi kupikiwa nguruwe. Anayekaa na njaa kwa ajili ya sheria, amekuja kuichezea? Kubishana kwao ni ibada. Vitabu vyao vimehifadhi hata hoja ya mwalimu aliyeshindwa.

Hakuna aliyemfundisha. Amesema tangu mdogo, na umeandika kwa mkono wako mwenyewe. Kama hao ni wapenzi, muulize yeye, acha kusikiliza mlangoni.

Mchungaji usimwambie neno, siri si yako. Leo hii mwambie Melkiori kwamba Jerioth hajaomba kuombewa, na maombi hayo hayafanyiki. Akikasirika, akukasirikie wewe. Jumanne ingia, kaa nao, waulize kuhusu ile aya inayokutisha. Usipoelewa, uliza tena.

Na mchungaji akija hata hivyo, mpe chai, mshukuru, umsindikize mpaka kwenye gari lake.