Kinanda Kimepinga

Ndugu yangu, nimefungiwa ndani ya kile kinanda kikubwa cha mabomba cha kanisani! Nilijipenyeza katikati ya mabomba kunasua kijiti kilichokwama. Mpiga kinanda kafunga kimlango kwa mazoea, kaondoka na ufunguo.

Mara kaingia mchungaji na wazee wa kanisa. Wakakaa kikao!

"Kinanda hiki tuking'oe, tuweke spika," mchungaji akasema. " Tutasema usharika umekubali." Ndivyo walivyoyaondoa mabenchi ya mama zetu! Mie sijasahau.

Hata kujikuna siwezi. Upepo wa kinanda bado umewashwa, nikigusa kijiti kimoja tu, bomba linalia.

"Yupo anayepinga?" mchungaji akauliza.

"Shukuruni yule domo kaya hayupo," mzee mmoja akacheka.

Mie ndiye domo kaya! Nimevuta kijiti cha bomba kubwa kuliko yote. Sasa wanahangaika na kitasa. Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili haukiachii.