Spika ya Chumba cha Kushonea

Mwanangu mpiga gitaa,

Sisi wazima. Mtaa mzima unajua kwamba gitaa lako linasikika kwenye redio ya mtandaoni kila Jumamosi, maana nimewaambia mimi.

Nilikwenda dukani kuchagua risiva ya kisasa inayovuta muziki wa intaneti. Nikabonyeza kila kitufe. Muuzaji akauliza, "Mama, unataka ya kusikilizia nini?" "Ya kumsikilizia mwanangu!" Nikazijaribu zote kwa wimbo wako, nikachukua iliyonitoa machozi.

Baba yako bado amekununia tangu uache uuguzi. Ukianza kupiga, anakimbilia cherehani yake. Basi spika moja nikaiweka sebuleni, nyingine nikaivutia waya hadi chumba chake cha kushonea. Kumbe kila spika ina sauti zake! Kwake zikaenda ngoma, gitaa lako likabaki kwangu.

Jumamosi cherehani ikanyamaza. Akachungulia mlangoni. "Huku ngoma tupu! Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko huku sebuleni, mzee wangu."

Leo nimemkuta ameibeba spika yake, anaipanga kando ya ile ya sebuleni. Eti waya ulikuwa unamkwaza. Kiti chake kakiweka katikati.

Piga vizuri, mwanangu.

Mimi mama yako, mwenye kila sababu ya kujidai.